Molekuli za sabuni zikikusanyika, mbona ujazo unaongezeka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma kemia, mwaka wa kwanza chuoni. Kitabu chetu kinasema molekuli za safaktanti (kemikali za jamii ya sabuni, zenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakwepa) zikijikusanya majini na kuunda miseli (vifundo vidogo vyenye mikia ndani na vichwa nje), ujazo wake huongezeka. Hapo nimekwama. Nguo zikikunjwa na kupangwa sandukuni huchukua nafasi ndogo kuliko zikiwa zimetapakaa. Iweje molekuli zikusanyike halafu zidai nafasi zaidi? Na je, naweza kuliona hilo kwa silinda ya kupimia?

JIBU: Marahaba. Kitabu chako kiko sahihi, ila mfano wa nguo ndio unaokupoteza. Nguo iwe imekunjwa au imetapakaa, hewa inayoizunguka haibadiliki. Molekuli iliyo majini huyabadilisha maji yaliyo jirani nayo. Kwa hiyo tukitaja ujazo wake ndani ya myeyusho, hatupimi umbo lake peke yake. Tunauliza: nikiongeza moli moja (yaani idadi maalumu ya molekuli), myeyusho mzima utaongezeka kwa kiasi gani? Jibu la swali hilo linabeba pia yote yaliyoyapata maji.

Chukua sodiamu dodesili salfeti, safaktanti niipendayo kufundishia kwa sababu imepimwa mno. Kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi, moli moja ya molekuli zinazoelea mojamoja huchukua takriban sentimita za ujazo 238. Zikishaingia kwenye miseli, moli ileile huchukua karibu 249. Ukigawanya tofauti hiyo kwa idadi ya molekuli zilizo katika moli moja, utaona kila molekuli imepata nafasi ya ziada inayozidi kidogo nusu ya ujazo wa molekuli moja ya maji. Ni nafasi ndogo sana, lakini ina sababu mbili, na zote mbili zimo ndani ya maji.

Ya kwanza ni mkia, ule mnyororo wa kaboni 12 usiopatana na maji. Wengi hudhani mkia ukiwa majini husukuma maji mbali na kuacha uwazi. Vipimo vinasema kinyume. Tazama methani: ikiyeyuka ndani ya heksani, moli moja huchukua takriban sentimita za ujazo 60, ikiyeyuka majini, kama 37 tu. Molekuli za maji ni ndogo na zimeshikana kwa bondi za hidrojeni, zikaacha vijinafasi ambamo kitu cha jamii ya mafuta huweza kujipachika. Mkia wa safaktanti nao hufaidika hivyohivyo, ingawa kwa kiwango kidogo zaidi. Ukiingia ndani ya miseli, maji hayapo tena kuujazia mianya. Humo hali ni kama ya mafuta ya majimaji: mikia inajipinda na kuchezacheza, na baina yake kuna uwazi. Ujazo unapanda.

Ya pili ni vichwa. Salfeti ina chaji hasi, ioni ya sodiamu ina chaji chanya, na kila moja huyavuta maji ya karibu yakabanana kuliko kawaida. Miseli inapoundwa, sehemu kubwa ya ioni za sodiamu hubaki zimejibana juu ya uso wake. Chaji zikishakaribiana hivyo, mvuto wake kwa maji hupungua, na maji yaliyokuwa yamebanwa huachiwa yakarudia ujazo wake wa kawaida. Nalisisitiza hili kwa sababu maelezo mengi huishia kwenye mkia na kusahau kichwa kabisa.

Sasa silinda. Piga hesabu nami. Yeyusha gramu 28.8 upate lita moja ya myeyusho, yaani moli 0.1. Miseli huanza kuundwa ukolezi (kiasi kilichoyeyushwa katika kila lita) ukifika karibu moli 0.008 kwa lita, kwa hiyo kama moli 0.092 zimo kwenye miseli. Zidisha kwa 11, ile tofauti ya 249 na 238: unapata mililita moja katika lita nzima. Maji yenyewe, joto likipanda nyuzi 4 tu, hutanuka kiasi hichohicho. Na povu juu ya silinda litakuzuia hata kuusoma mstari.

Kinachofaa ni densitometa ya mrija unaotetema, inayosoma densiti (tungamo la kila sentimita ya ujazo) hadi desimali ya tano au ya sita. Andaa miyeyusho ya ukolezi tofauti, kuanzia maji matupu, na uijaze polepole; kiputo kimoja kikibaki mrijani, usomaji wote umeharibika. Chora densiti dhidi ya ukolezi. Mstari utapanda, kisha karibu na 0.008 utapinda na kuendelea kupanda kwa mwinuko mdogo zaidi. Kutoka maji matupu hadi kwenye kona hiyo, densiti imebadilika kwa takriban gramu 0.0004 kwa kila sentimita ya ujazo. Usiruke vipimo vya chini ya kona kwa kuwa vinachosha. Bila hivyo huna cha kulinganisha.

Ukipata maabara yenye vifaa vya kanieneo kubwa (mgandamizo mkubwa), ongeza jaribio moja. Kwa kuwa miseli inahitaji nafasi zaidi, kubana myeyusho huzifanya zichelewe kuundwa: ukolezi unaohitajika hupanda. Lakini ukifika karibu mara 1,000 ya kanieneo ya hewa, mwelekeo hugeuka na ukolezi huo huanza kushuka, kwani ile mianya baina ya mikia hubanika kwa urahisi kuliko maji, na faida ya kubaki majini mojamoja inakuwa imekwisha.