Ukitaka anwani, iulize soketi

Vijana wengi wanaokuja fildi kwetu hapa Mwanza huanza na swali moja: nipateje IP, yaani anwani ya mtandao, ya kompyuta yangu kwa lugha ya Python? Tayari wameshakopi jibu mahali: unaita gethostname ikupe jina la mashine, kisha jina hilo unalipeleka kwa gethostbyname ilitafutie anwani. Kwenye Linux za Ubuntu au Debian, mara nyingi utarudishiwa 127.0.1.1. Python haijakosea. Mifumo hiyo huandika jina la mashine pamoja na anwani hiyo ndani ya faili la /etc/hosts, nawe umesomewa kilichoandikwa humo. Mtandao haujaguswa kabisa.

Mstari huo wa Python ufuteni, na swali lenyewe mligeuze, maana kompyuta haina IP moja. Laptopu iliyo kwenye Wi-Fi ya ofisi, halafu imechomekwa modemu kwa sababu Wi-Fi haiaminiki, ina anwani mbili. Ukiongeza 127.0.0.1, ambayo mashine hujisemesha yenyewe, zinakuwa tatu, na IPv6, mfumo mpya wa anwani, bado hatujaifikia. Itakayotumika inategemea unakokwenda. Kwa hiyo anayeulizwa ni soketi, yaani ncha ya muunganisho ndani ya programu yako, tena ikishaunganishwa: getsockname inakupa anwani na poti (namba ya mlango ndani ya mashine) ya upande wako, getpeername ya upande wa pili. Ukiwahi kuuliza kabla ya kuunganishwa, Linux itakupa 0.0.0.0 na poti 0. Poti ya upande wako huchaguliwa na mfumo, kwa kawaida kati ya 32768 na 60999, basi usihangaike kutafuta nani ameiandika kwenye programu yako.

Kama huna muunganisho wowote na unataka tu kujua ungetokea mlango gani, fungua soketi ya UDP, aina isiyohitaji kusalimiana kwanza, iite connect kuelekea anwani ya nje kama 8.8.8.8, kisha getsockname. Hakuna pakiti inayotumwa. Mfumo unachagua njia tu. Bando lako linabaki vilevile.

Sasa getpeername, ambako ndiko wengi wanakwama. Muunganisho ukishakatwa, inaweza kutupa kosa la OSError, kwa hiyo kwenye seva ihifadhi anwani palepale accept, inayopokea mteja mpya, inapokurudishia. Lakini kinyume chake si kweli: getpeername kujibu hakuna maana kwamba mtu yupo. Mteja akiwa ndani ya boti kuelekea Ukerewe na mnara ukapotea, hakuna anayeiaga seva yako. Soketi itaendelea kuonyesha anwani yake kana kwamba bado mnaongea. Hata ukiwasha SO_KEEPALIVE, yaani ukaguzi wa kama upande wa pili bado upo, Linux kwa kawaida husubiri sekunde 7200, yaani saa mbili nzima, kabla ya kuanza kuchungulia. Weka muda wako mwenyewe, mfupi.

IPv6 nayo ina mtego mdogo: kwenye soketi yake, getsockname na getpeername zinarudisha vitu vinne, si viwili, na mstari uliotarajia ip na poti pekee utaanguka. Chukua viwili vya mwanzo.

Halafu, anwani ya upande wa pili ni ya nani hasa? Mnunuzi wa mwalo wa Kirumba anamwona aliyeshusha gunia la dagaa, hamwoni aliyekesha ziwani na karabai. Programu yako ikikaa nyuma ya Nginx, proksi inayopokea maombi na kukupitishia, kwenye mashine hiyohiyo, kila mteja ataonekana 127.0.0.1. Kichwa cha ombi cha X-Forwarded-For, kinachotaja anwani ya mteja wa asili, kinasaidia, ila mtu yeyote anaweza kukiandika apendavyo. Kiamini pale tu kilipoletwa na proksi yako mwenyewe.

Kwenye simu hali ni ngumu zaidi. IPv4, mfumo wa zamani wa anwani, ina anwani takriban bilioni 4.3 tu, na kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukiona simu yenyewe ina anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, ujue iko nyuma ya anwani hiyo ya pamoja. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Ndiyo maana mimi sikubaliani na kufungia IP kwa sababu mtu mmoja kakosea nywila mara nyingi. Utamfungia na muuza sato wa Igombe asiyejua lolote.

Kwenye logi, yaani kumbukumbu za seva, basi, andika IP, poti ya mteja na saa, vyote vitatu, kwa sababu bila poti hata kampuni ya simu haiwezi kumtenganisha mteja mmoja na mwenzake. Na saa iwe ya UTC, saa ya pamoja ya dunia.