Mtini wa ndooni: utoe kwanza, utazame mizizi

Wengi wanaopanda mtini Mjini hawana ardhi. Wanaupanda uani au juu ya dari, ndani ya ndoo au pipa lililokatwa, kwa kuwa ni mti uliotajwa ndani ya Qur'ani na wanapenda uwepo nyumbani. Nafurahi kila nikiuona. Ndiyo maana maswali haya ninayoletewa yananiuma.

Mtini wangu una miaka minne kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Majani yanakuwa madogo na kupukutika. Natia samadi kila mwezi, haubadiliki. Nitie nini tena? (Mkunazini)

Usitie kitu. Utoe ndooni. Tangu masika yaishe naulizwa hili, na kila muulizaji ananisimulia majani. Hakuna hata mmoja aliyenieleza mizizi ikoje.

Juzi jirani aliniletea wake wenye hali hiyo hiyo. Tuliulaza ubavu, tukaigonga ndoo pande zote mpaka ukachomoka. Mizizi ilikuwa imejizonga kama kamba ya usumba, imeshika umbo la ndoo mpaka ule mduara wa kitako. Nikachoma kijiti katikati: udongo mkavu kama jivu, na asubuhi ile alikuwa ameumwagilia. Maji yalikuwa yakipita ubavuni na kutokea tunduni. Mti unakufa kwa kiu na mwenyewe anaongeza samadi.

Fanya hivi. Umwagilie vizuri siku moja kabla. Ukishautoa, chukua msumeno wa zamani, maana udongo utaula meno, ukate kama sentimita mbili kuzunguka pande zote na kiasi kama hicho chini. Jumla isizidi theluthi ya mizizi. Mzizi mnene uliojizungusha ukate pale unapoanza kujipinda. Chokonoa udongo wa kingoni kwa kijiti, urudishe mti ndoo ile ile kwa udongo mpya, na ushindilie kwa kijiti pasibaki mapengo. Kisha pogoa matawi kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu mizizi iliyobaki haiwezi kuyanywesha majani yote. Usiyaonee huruma; mtini huzaa vizuri kwenye machipukizi mapya. Uweke kivulini wiki mbili, na mbolea ingoje mpaka uone majani mapya. Baada ya miaka miwili au mitatu, rudia.

Video zinasema mizizi ikatwe majira ya baridi, mti ukishapukutisha majani yote. Wangu haupukutishi. Nisubiri? (Wete)

Usisubiri. Hiyo ni kalenda ya Ulaya, ambako mti hulala kwa baridi na mizizi haina majani ya kuyalisha. Kwetu baridi hiyo haiji. Wakati wetu ni kipupwe, Juni hadi Agosti: jua limepungua makali, mti hautoi jasho sana, na vuli ikifika unakuwa umeshaotesha mizizi mipya. Ukinge tu na upepo wa kusi, hasa darini. Uweke nyuma ya ukuta. Anayekata mizizi Januari au Februari, kaskazi imepamba moto, anauchoma mti wake.

Nikiuhamishia kwenye pipa kubwa kabisa, si nitapumzika na kazi hii? (Chake Chake)

Hapana. Udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji, na mizizi huoza. Ukitaka kukuza chombo, ongeza vidole viwili au vitatu tu kila upande. Tena mtini uliobanwa kiasi huzaa vizuri kuliko uliopewa uwanja.

Nitie kokoto chini ili maji yatoke?

Hapana. Maji hutuama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na umeshampunguzia mti nafasi. Toboa matundu zaidi.

Mtini wangu hauzai, kwa nini?

Swali hili linaletwa hivi hivi, maneno matano, na wengi. Una umri gani? Chombo gani? Unapata jua saa ngapi? Bila ya saa sita za jua kwa siku, au zaidi, usitegemee tini.

Natumia makumbi ya nazi na mchanga wa pwani, navipata bure. Ncha za majani zinaungua. (Jambiani)

Ni chumvi. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamelowa maji ya bahari kwa miezi. Yakatekate, uyaroweke kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, umwage, urudie mara tatu au nne. Onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi, uone kama chumvi imetoka. Mchanga wa pwani uache ulipo. Mimi niliutumia zamani na nilipoteza miti miwili. Changanya udongo mwekundu wa shamba, makumbi yaliyooshwa na samadi iliyooza kabisa, inayonuka udongo na si zizi. Kama na kisima chako kina chumvi, kinga maji ya mvua, na kila mwezi umwagilie mpaka maji yatiririke chini kwa wingi.

Nimeutoa kama ulivyosema, nikakuta mizizi ina vinundu kama shanga. (Bububu)

Ahsante kwa kutazama. Hiyo ni minyoo ya mizizi, midogo haionekani kwa jicho, nayo inaipenda mitini na udongo wa kichanga. Kata sehemu zenye vinundu, uzichome moto, osha ndoo kwa maji ya moto. Udongo ule usiumwage kwenye tuta la tungule, bilingani wala bamia, utaihamisha huko. Mti ukiwa umeshambuliwa sana, chukua vipandikizi vya matawi uanze upya kwa udongo safi.

Baada ya kupogoa, mikono ya mwanangu imetoka malengelenge. (Makunduchi)

Ni utomvu mweupe wa mtini. Ukigusa ngozi kisha jua likapiga, unaunguza. Muoshe kwa maji mengi na sabuni, akae mbali na jua siku mbili tatu, na malengelenge yakienea mpeleke kituo cha afya. Kazi hii ifanywe jioni, kwa glavu na mikono mirefu, na watoto wasishike matawi yaliyokatwa.