Kutoa kete kafara ili kumfunga mfalme: ushauri kwa wanaoanza sataranji Tabora

Vijana ninaowafundisha sataranji hapa Tabora hushika mapema kwamba malkia ana thamani ya 9, ngome 5, askofu na farasi 3 kila mmoja, na askari 1. Baada ya hapo huwa vigumu mno kuwashawishi wamtoe malkia kwa hiari yao. Thamani hizo ni za kweli, lakini hupima nguvu ya kete katika mchezo unaoendelea tu. Mfalme akishapata shahamati, yaani akishambuliwa bila njia yoyote ya kujiokoa, hakuna anayehesabu kilichobaki ubaoni.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usianze kwa kujiuliza utoe kete gani. Anza na mfalme wa mpinzani wako, utazame miraba anayoweza kukimbilia, ipi imezibwa na kete zake mwenyewe na ipi inatawaliwa na zako. Ukiona kwamba shahamati ingekuwapo lau mlinzi mmoja asingesimama njiani, hapo ndipo utafute kete ya kumwondolea mlinzi huyo.

Ndivyo alivyofanya Paul Morphy, bingwa wa sataranji kutoka Marekani, mjini Paris mwaka 1858. Mfalme mweusi alikuwa e8 (herufi hutaja safu ya wima, namba hutaja mstari wa mlalo ukihesabu kutoka upande wa mweupe), na farasi wake wa d7 aliziba njia ya ngome nyeupe iliyokuwa d1, huku askofu mweupe wa g5 akiutawala mraba wa d8. Morphy alimpeleka malkia b8 na kutoa shaha, yaani kumshambulia mfalme. Mweusi hakuwa na hatua nyingine ya halali ila kumla kwa farasi yuleyule. Njia ikawa wazi, ngome ikatua d8, mchezo ukaisha. Mweupe alibakiwa na ngome na askofu tu mbali na mfalme na askari, ilhali mweusi alikuwa bado na malkia, ngome, askofu na farasi.

Wakati mwingine kafara haimwondoi mlinzi, bali humlazimisha mpinzani azibe mwenyewe mlango wa mfalme wake. Mfalme akiwa h8 nyuma ya askari wa g7 na h7, ngome yake ikiwa d8, nawe una farasi h6 na malkia c4, mpeleke malkia g8. Mfalme hawezi kumla kwa sababu farasi anamlinda, hivyo ngome italazimika kumla, na farasi akirukia f7 mfalme hana pa kwenda. Hila hii iliandikwa Hispania tangu mwaka 1497, na mimi huifundisha kabla ya nyingine zote.

Hatari kubwa ni kafara ambayo mpinzani anaweza kuikataa. Mchezaji wa bao huhesabu mpaka ajue kete ya mwisho itaangukia shimo gani, na huku pia inapasa kuhesabu kila jibu, si lile unalolitamani peke yake. Chukua mwanzo huu, mweupe akianza na wawili wakipokezana: askari e4, askari e5, farasi f3, askari d6, askofu c4, askofu g4, farasi c3, askari g6. Mweupe anaweza kula askari wa e5 kwa farasi na kumwacha malkia wake. Mweusi akimla malkia, askofu mweupe anakula f7 kwa shaha, mfalme anakwenda e7, na farasi wa c3 anatoa shahamati kutoka d5. Mweusi akikataa na kumla farasi kwa askari wa d6, malkia anamla askofu wa g4, na mweupe amefaidi askari mmoja. Kwa hiyo majibu yote mawili yanamfaa mweupe.

Sasa rudisha askari wa g6 nyumbani kwake g7 na badala yake umweke farasi mweusi c6. Hila ileile inaharibika, kwa kuwa farasi huyo anakula e5 na papo hapo anamlinda askofu wa g4, na mweupe amepoteza farasi kwa askari mmoja. Panga nafasi zote mbili ubaoni, uzikague bila kugusa kete, na uandike majibu ya mweusi kwenye karatasi kabla ya kusogeza chochote.