Nilichojifunza kwenye mashine ya stensili

Nilianza kufundisha Jiografia mwaka 1993, sekondari moja mkoani Ruvuma, na wiki ya kwanza tu nikakabidhiwa mashine ya kurudufu. Wa rika langu wanaijua. Unachukua karatasi ya stensili yenye nta, unaondoa utepe wa taipureta ili herufi zitoboe zenyewe. Ukikosea unapaka dawa yenye harufu kali, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga upya juu yake. Kisha unaivisha karatasi kwenye silinda ya wino na kuzungusha mpini kwa mkono. Ole wako ugundue kosa ukishatoa nakala 120 na rimu imeisha. Utapita darasa kwa darasa siku ya mtihani ukisoma masahihisho, mkuu wa shule anakuchungulia dirishani. Ndiyo maana kila swali tulilisoma mara tatu. Hatukuwa walimu makini kuliko vijana wa leo, tuliogopa mashine.

Siku hizi naandika mtihani kwenye kompyuta, namtumia kijana wa steshenari kwa WhatsApp, jioni nakala ziko tayari. Makosa nayo yako tayari. Mwaka juzi nilitoa mtihani wenye swali la 4 mara mbili na swali la 7 halionekani. Nilichojiwekea tangu hapo ni hiki: chombo kipya kikikupunguzia kazi, angalia ile kazi ilikuwa inakulinda na nini, sehemu hiyo uendelee kuifanya kwa mkono. Sasa nachapa nakala moja kwanza, nampa mwalimu wa meza ya pili aufanye mtihani wangu kwa kalamu, na mimi namfanyia wake.

Projekta ilinifunza hilohilo kwa gharama kubwa zaidi. Shule ilipopata moja nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Nikaandaa picha nzuri za usomaji wa ramani, kidato cha tatu, nikamaliza mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, kwa kipindi kimoja cha dakika 40. Zamani ilinichukua vipindi vitatu. Wanafunzi wakaitikia "ndiyo, mwalimu" kila nilipouliza kama tuko pamoja. Nilipowapa karatasi tupu wachore kilima chenye mteremko mkali upande mmoja, wengi walichora kitu kama kitunguu kilichokatwa, duara ndani ya duara, nafasi sawa pande zote.

Chaki ni polepole, na upole ule ulikuwa na faida yake. Nikichora mstari wa mita 100, nao wanachora. Nikisogeza wa mita 120 karibu karibu upande wa mashariki, kuna mmoja atauliza kwa nini umebanana. Hapo ndipo somo lilipokuwa. Siku hizi kontua nachora ubaoni, na projekta naiwasha kwa vitu ambavyo chaki haiviwezi: bahari ikijaa na kupwa kwa watoto ambao hawajawahi kufika Kilwa wala Mtwara, au picha ya setilaiti ya kijiji chao wenyewe. Siku niliyowaonyesha mto wao kutoka juu, darasa lilisimama lote.

Kwenye habari nimekosea vibaya zaidi. Sisi tulikulia kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam. Saa mbili usiku ngoma inalia, nyumba nzima kimya. Matangazo ya vifo nayo yalikuwa na mpangilio wake: nani anasikitika, nani amefariki, mazishi wapi, "habari ziwafikie" fulani wa Mbinga na fulani wa Tanga. Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Gazeti lilikuja na basi, kwa hiyo la Jumatatu tulilisoma Jumatano, na kila aliyelishika aliangalia tarehe kwanza ajue anasoma ya lini. (Kusoma kichwa cha habari na kuondoka, hilo msiisingizie simu. Pale kwa muuza magazeti tulisimama kumi, mnunuzi mmoja.)

Basi masika moja, alfajiri, ikaniingilia video kwenye simu: daraja letu limekatika, maji mekundu yanapita juu. Sikungoja. Nikaituma kwenye kundi la wazazi, nikaongeza kwa mamlaka yote ya ualimu: "Watoto wa ng'ambo wasije leo." Ilikuwa siku ya mtihani wa muhula. Viti zaidi ya thelathini vikabaki wazi. Saa nne mama mmoja anayeuza mboga akaja na kapu lake mpaka ofisini, amevuka daraja hilohilo kwa miguu, viatu vikavu. Mwanafunzi niliyemwonyesha ile video akacheka kabla hajajizuia: "Mwalimu, ukuta wa duka hapo bado ni Tigo. Mbona sasa hivi ni Yas?" Kampuni ya simu ya Tigo ilishabadili jina kuwa Yas. Video ya zamani, na mimi nafundisha kusoma ramani.

Niliomba radhi kwenye kundi lilelile, kwa maandishi, nikarudia mtihani Jumamosi. Tangu siku hiyo video ikiingia naiangalia mara ya pili bila sauti, maana sauti ndiyo inayokutia haraka. Naangalia kuta, mabango, namba za magari, hali ya miti. Nikikosa tarehe, situmi. Na kwa habari ya kifo natafuta kwanza mtu wa nyumba ile kwa simu kabla ya kuandika pole, maana watu wameshaliliwa mitandaoni wakiwa wanakunywa chai.

La daraja limekuwa rahisi. Nimehifadhi namba ya bodaboda mmoja anayeegesha palepale kwenye mwembe. Mvua ikinyesha usiku, saa kumi na moja na nusu nampigia kwenye kitochi chake. Hana bando, hana picha ya kunitumia. Ananiambia tu, "Subiri kidogo, mwalimu, niende nikaangalie," nami nasikia hatua zake kwenye tope.