Re: Ule wimbo wa "Jambo" ni wa Boney M. au ni wetu?

Ndugu, umeuliza kama Boney M. ndio walioutunga wimbo huu, kwa kuwa kaseti ya baba yako ina jina lao. Hapana, ni wetu wa Pwani. Ulitoka mwaka 1982 kwa jina "Jambo Bwana", ukipigwa na Them Mushrooms wa Mombasa, na mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison. Bendi yao ilikuwa ikitumbuiza kwenye mahoteli ya ufukweni, ndiyo maana maneno yenyewe ni salamu na makaribisho mepesi ambayo mtalii anayashika kabla soda haijaisha.

Boney M., kundi la mtayarishaji wa muziki Frank Farian kule Ujerumani, walitoa singo yao mwaka 1983, "Jambo – Hakuna Matata". Wakati huo Bobby Farrell, mwanamume wa kundi hilo, alikuwa ameshaondoka na nafasi yake kuchukuliwa na Reggie Tsiboe, mzaliwa wa Ghana. Sehemu kubwa ya mashairi waliyageuza Kiingereza.

Zisikilize zote mbili kwa mfululizo. Ya Ulaya imepigwa msasa, ya kudansia. Ya Mushrooms haina haraka, gitaa linatembea taratibu na sauti zinaitikiana kama watu wanaopokea mgeni mlangoni. Mimi naipenda hii ya nyumbani, na inaniuma kila ninapomsikia mtu akisema tuliiga. Mwandikie baba yako jina la Kalanda kwenye ile kaseti.