Mlio wa Masikioni: Dawa Yake Iko Wapi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nimekata na kuchomelea vyuma katika karakana huku Changamwe kwa miaka mingi. Sikio langu la kushoto hulia usiku kucha kama nyenje, na mazungumzo ya barazani hunipita. Duka moja la dawa liliniuzia matone ya bei ghali, likiniahidi kwamba mlio utakoma, lakini sijaona nafuu. Je, dawa yenyewe ipo?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuukomesha mlio huo, wala ya kurudisha usikivu ulioharibiwa na kelele. Matone uliyouziwa huishia kwenye kiwambo cha sikio, ilhali hitilafu inayoletwa na kelele huwa ndani zaidi, katika koklea, sehemu ya sikio la ndani inayofanana na konokono, ambamo mna seli zenye vinyweleo za kupokea sauti zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Seli hizo zikifa kwa binadamu hazioti tena, ingawa kwa kuku na ndege wengine huota upya, na hilo ndilo lililowatia watafiti tamaa. Kampuni ya Frequency Therapeutics ya Marekani ilijaribu dawa iitwayo FX-322, inayodungwa kupitia kiwambo ili kuchochea seli mpya, lakini mwaka 2023 ilionekana kwamba haikushinda sindano isiyo na dawa, na kazi hiyo ikaachwa. Mlio ni mgumu zaidi kuufanyia utafiti, kwani hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama umepungua. Hutegemewa maelezo ya mgonjwa mwenyewe, na hata aliyepewa kitu kisicho na dawa yoyote huweza kusema amepata nafuu. (Wauza matone wanalijua hilo vyema.)

Mafanikio yaliyopo hayakuhusu wewe: mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya sodiamu thaiosalfeti kuwakinga baadhi ya watoto wenye saratani dhidi ya uziwi unaoletwa na sisiplatini, dawa ya kutibu saratani.

Muone daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu mlio wa upande mmoja haufai kupuuzwa. Mtajie dawa zote unazotumia, maana kwinini (dawa ya malaria) na aspirini nyingi huweza kuleta mlio. Kifaa cha kusaidia kusikia huwapunguzia wengi adha hiyo, na kazini vaa vizibo vya masikio. Iwapo siku moja usikivu utapotea ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani dawa za steroidi, za kutuliza uvimbe, hufaa zaidi zikianzwa mapema, kabla ya wiki mbili kupita.