Nyaya kwanza, balbu za simu baadaye
Dada wa Ujiji, umeuliza kama unaweza kufunga taa za kuwasha kwa simu kwenye nyumba ya mzee bila kugusa nyaya za zamani. Taa zenyewe hazina neno, balbu ya LED ya wati 9 haielemei waya. Hofu yangu ni hizo nyaya. Fundi azime meinswichi, afungue swichi moja ya sebuleni: mpira wa waya ukimeguka anapoukunja, vuteni waya upya nyumba nzima, unene wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja) ichimbiwe, na iwekwe breka inayokata umeme ukivuja. Hapo usibane hela kabisa, kuna watoto humo. Na fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji.

Swichi nyingi za kuwasha kwa simu zinataka nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, ndani ya boksi la swichi, na nyumba nyingi za zamani pale ukutani hazina. Basi mkivuta waya upya, mwambie fundi aishushe nyutro hadi kwenye boksi kabla ya plasta. Kama huvuti upya, chukua balbu za simu, ila swichi ya ukutani ibaki imewashwa muda wote. Ikizimwa, simu haiioni balbu. Waifai iwe ya gigahezi 2.4, balbu nyingi hazishiki ya 5.